Joto la Mama

Kiwandani kwao mtu huitwa kwa kipande anachokikata. Anayekata shingo ni Shingo, anayetenganisha mapaja ni Mapaja, na yule mama mnene anayechomoa maini ni Maini, hata mumewe siku hizi humwita hivyo nyumbani na yeye huitika. Huyu wetu anakata mabawa ya kuku, basi ni Mabawa. Jina alilopewa na mama yake lipo, halijafa, ila msimamizi alijaribu kulitamka siku ya kwanza, ulimi ukamkwama, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Haya majina yenu ya msituni yatanivunja meno," alisema. "Wewe simama pale, kata mabawa."

Pale ni upande wa maji. Watu wa Safu wote wako upande wa maji. Kuku wanapita juu wakining'inia kwa miguu, wanachuruzika, sakafu inateleza kama sabuni, na baridi inapanda kutoka kwenye buti mpaka magotini ikatulia hapo kutwa nzima. Upande wa pili, kwenye mizani na mifuko, ni pakavu na kuna dirisha. Huko wanakaa watu wa mjini. Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba iwe hivyo. Ilikuwa hivyo tu, kama ilivyokuwa kwamba bomba la Safu linatoa maji asubuhi peke yake na mabomba ya mjini yanatoa kutwa kucha.

Safu ndio ule mstari wa nyumba za bati walizojengewa watu wa msitu, serikali ilipouzungushia msitu ua na kusema kuanzia leo miti hii ina mwenyewe. Kila kaya chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja dogo la kutolea moshi. Humo Mabawa alilala na mumewe, watoto wao watatu na mama yake mzazi. Ugonjwa ulipoingia na redio ikawa inahubiri asubuhi na jioni kwamba watu wakae mbali mbali, mama alicheka sana. "Mwambieni huyo bwana aje alale hapa," alisema. "Aanze kutupanga yeye, tumwone."

Kiwanda hakikufungwa. Watu waliojifungia majumbani walikula kuku kuliko zamani. Kilichoongezeka ni mlinzi mmoja getini mwenye kile kidude cha kupimia joto, anakuelekezea kwenye paji la uso kama bastola. Ukiwa na joto, nyumbani. Nyumbani bila malipo, na siku ukirudi unakuta mtu mwingine ameshika kisu chako. Wanawake wa Safu hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwenye kidonge cha kushusha homa alikimeza kwanza, kisha akalowesha kitambaa kwenye bomba, maji yale ya alfajiri yanayouma vidole, akakifunga kwenye paji chini ya kilemba, akatembea nacho mpaka kona ya mwisho. Hapo anakivua, anajipangusa, anafika getini amepoa kama chuma. Shingo ndiye aliyeanza, wengine wakamfuata, mwisho ikawa ni kama kunawa uso. Mwenye homa alifunga na asiye na homa alifunga, kwa sababu hakuna aliyetaka kujua yeye ni yupi.

Ndivyo Mabawa alivyokata mabawa wiki nzima huku mgongo unamkatika na ulimi hauonji kitu, wala chumvi wala sukari. Akapona. Kikohozi kikabaki nyumbani, kwa mama.

*

Mama alikuwa msemaji. Hata usingizini alisema, kwa lugha ya kwao ile ya zamani, akigombana na watu waliokwisha kufa. Basi asubuhi ile alipomwambia mjukuu "niletee" na asimalizie aletewe nini, akawa anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba kisimani, Mabawa aliacha kufunga buti.

"Leo hospitali," alisema.

"Na kazi je?" mumewe akauliza.

"Nitasema tumbo."

"Tumbo wameshalizoea. Sema jino."

Mumewe alikuwa msukuma mkokoteni sokoni kabla soko halijafungwa. Wenzake walimwita Breki, kwa kuwa mkokoteni wake haukuwa nayo hata siku moja. Akautoa nje, akaukung'uta, akatandika godoro la watoto. Kisha akasimama mlangoni na mikono yake nyuma, kama mgeni. Miaka yote tangu amwoe binti, hakuwahi kumgusa mama mkwe wake zaidi ya kumpokea bakuli. Sasa alitakiwa amkumbatie, amwinue, amlaze.

"Njoo, mkwe," mama alisema, neno moja moja. "Unaogopa nini? Si umebeba viazi... maisha yako yote."

"Viazi havinitazami, mama."

"Haya. Nafumba macho."

Akafumba kweli. Breki akamwinua, na njia nzima hakuacha kusema jinsi alivyokuwa mwepesi, mpaka Mabawa akamwambia anyamaze.

Kabla ya kuondoka Mabawa alipapasa juu ya kabati, akatoa vidonge viwili vyeupe alivyojiwekea mwenyewe kwa ajili ya geti, akamnywesha mama kwa maji ya vuguvugu. Mama alikuwa anachemka. Ukimgusa shingoni unaondoa mkono.

Barabara ya kwenda mjini inapanda. Maduka yalikuwa yamefungwa nusu mlango, wenye maduka wanachungulia juu ya barakoa zao. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake upande wa pili wa barabara, si kwa ukali, kwa haraka tu. Mchukuzi mmoja aliyekaa juu ya gunia tupu alipaza sauti, "Breki! Leo umepata mzigo?"

"Mzigo wa heshima," Breki akajibu, na hakusimama.

Walipokaribia hospitali, kwenye kituo cha mafuta kilichopo pale pembeni, Mabawa alisema, "Ngoja." Akaenda kwenye bomba la kuoshea magari. Akavua kilemba, akakilowesha, akakikamua nusu, akarudi, akaanza kumpangusa mama paji la uso, nyuma ya masikio, kwenye mshipa wa shingo. Hakufikiri. Mikono ilijua kazi yake. Breki naye hakuuliza, alishika mkokoteni usirudi nyuma na kusema tu, "Mwongeze na kwenye kiganja. Wengine nasikia wanapima kiganja."

Mama alifumba macho. "Hapo hapo, mwanangu," alisema. "Hapo hapo. Usitoe."

Mabawa alikiweka kitambaa palepale mpaka kona ya mwisho.

*

Mbele ya hospitali palikuwa na hema, na mbele ya hema foleni, na chini yalichorwa maduara kwa chokaa, kila mtu asimame kwenye lake. Mkokoteni ulijaza maduara mawili. Aliyekuwa nyuma yao alinung'unika kwamba wengine wanakuja hospitali na mali zao.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa aproni ya plastiki na glavu zilizokwisha kufuliwa, zimepauka vidoleni. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwelekezea mama kidude, kikalia, akasoma.

"Thelathini na sita."

Moyo wa Mabawa uliruka kwa furaha. Ndivyo ulivyokuwa umezoea. Thelathini na sita ndio mlango kufunguka, ndio kisu kubaki chako. Akakamata ubavu wa mkokoteni ili waingie.

"Wapi?" muuguzi akasema. "Huyu hana homa."

"Anashindwa kupumua, sista."

"Ana umri gani?"

"Kwa kweli hatujui. Alizaliwa msituni."

Nyuma mtu alicheka puani. Muuguzi hakucheka. "Basi ni uzee, dada yangu, na moshi wenu wa ndani. Hema hili ni la wenye homa. Nikimwingiza mzee asiye na ugonjwa katikati ya wenye ugonjwa, nimemuua kwa mkono wangu. Mrudisheni, anywe maji ya moto, alale peke yake."

"Chumba ni kimoja, sista."

"Basi mfungue dirisha. Anayefuata!"

Walisogea pembeni, kwenye kivuli cha ukuta. Mama akafumbua macho. Yeye, ambaye wiki zote hizi alimwona binti yake akijifunga kitambaa alfajiri na kurudi jioni akisema leo tena nimepita, alimtazama usoni na kuuliza, "Nimepita?"

Mabawa alifungua mdomo amjibu ndiyo, na hapo ndipo alipoelewa. Lilimjia polepole, kama maji yanavyopanda kwenye buti iliyotoboka. Akakitazama kilemba mkononi. Akamtazama Breki, na Breki naye alikuwa ameshafika hapo hapo, maana alikuwa anatazama chini.

"Geti hili linataka joto," Mabawa alisema.

"Nimesikia."

"Na vidonge nimempa."

"Nimeona."

Alirudi kwa muuguzi mbio, akapita foleni, watu wakamzomea. "Sista, samahani, mama anachemka. Ni mimi niliyempoza. Nilimpangusa maji pale kituo cha mafuta, na nyumbani nilimpa vidonge."

Muuguzi alishusha kidude. "Ulimpoza? Mtu anamleta mgonjwa hospitali, anampoza kwanza njiani?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ili tusirudishwe."

Wale wawili walitazamana. Mtu akipita angedhani hawaelewani lugha, na lugha ilikuwa ile ile moja.

"Mama," muuguzi alisema, "nimesimama hapa tangu jana. Asubuhi hii wamekuja watatu kunidanganya ili waingie, na mmoja kunidanganya ili atoke. Nikimwingiza mtu kwa maneno, nitawaingiza wote. Joto likirudi, mlete. Sitakukataza."

*

Wakamtoa mama kivulini, wakamweka juani.

Hebu fikiri mwenyewe. Mabawa amepiga magoti kando ya mkokoteni, kila mara anaweka kiganja kwenye paji la mama yake, anaomba homa irudi. Alikuwa hajapata kuomba kitu kama hicho. Breki alivua koti lake akamfunika mama miguu, kisha akavua na shati akamfunika kifua, akabaki na fulana yenye matundu. Mama alikuwa anatetemeka kidogo na kutokwa na jasho la vidonge, ngozi yake baridi kama samaki.

"Mbona mmenitoa... kwenye kivuli?"

"Tunangoja joto lako, mama."

"Si umelifukuza wewe?"

"Ndiyo, mama. Sasa tunaliita."

Mama alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha, na Breki akageuza uso, akawa anahesabu matofali ya ukuta bila kuyahesabu.

Jua lilipokuwa kali ndipo lilipokuja lile gari jeupe. Lilisimama geti la magari, hatua chache kutoka walipokaa, na kioo kikashuka. Ndani alikuwa msimamizi wa kiwanda, barakoa shingoni, na kwenye kiti cha nyuma mzee aliyelala upande, shuka mpaka kidevuni. Msimamizi alikuwa amekunja uso kwa wasiwasi, uso wa mtoto anayempeleka baba yake. Kisha akamwona Mabawa, na uso ukarudi kuwa wa kazini.

"Mabawa? Leo kisu chako kiko na nani?"

"Shikamoo, bosi. Nimemleta mama."

"Ana nini?" Kioo kilianza kupanda kidogo kidogo. "Si ule ugonjwa? Maana kama ni ule na mnalala pamoja, unajua utaratibu. Wote nyumbani."

Mama alikuwa anasikia. Breki alikuwa anasikia. Mabawa alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, nyepesi, yenye kicheko, "Hapana, bosi! Mguu tu. Amejikwaa kwenye ndoo, ameteguka. Kesho asubuhi niko kazini."

"Haya. Pole yake."

Mlinzi wa geti alifungua, na gari likaingia mpaka kwenye ngazi. Muuguzi alitoka kulifuata. Mabawa hakumtazama mama. Mama ndiye aliyenyoosha mkono, akampapasa goti. "Umefanya vizuri," alisema kwa lugha ya kwao. "Mguu nao... unauma kidogo."

Joto lilirudi mchana ukiwa umeshavunjika. Lilianza nyuma ya masikio. Mabawa alilihisi, akaondoa mkono, akaurudisha, akapiga kelele, "Linakuja! Breki, njoo ushike!" Breki akasita, akajipangusa mkono kwenye suruali, kisha akaweka vidole viwili kwenye paji la mkwe wake kwa adabu kubwa.

"Anaungua," alisema, akatabasamu. Watu waliokuwa karibu waliwatazama mtu na mumewe wakifurahia homa, wakatikisa vichwa.

Walirudi kwenye foleni. Muuguzi alikuwa bado ndani. Aliyesimama mbele ya hema sasa ni yule mlinzi aliyelifungulia gari, akipanga watu.

"Nyinyi hapana," alisema. "Mguu ni jengo la nyuma."

"Mguu gani, afande?"

"Usinifanye mtoto. Nimekusikia kwa masikio yangu ukimwambia yule mwenye gari. Ndoo, mguu, kuteguka. Pitieni nyuma, na jengo la nyuma limefungwa, mje wiki ijayo."

"Afande, nilidanganya."

"Aha."

"Nilidanganya kwa sababu ya kazi. Yule ni bosi wangu."

"Sasa na mimi nitajuaje wakati gani hudanganyi?"

Foleni yote ilikuwa inasikiliza. Siku ndefu, na hakuna burudani nyingine. Mabawa alisimama kwenye duara lake la chokaa. Halafu akasema kwa sauti ya upande wa maji, ile sauti ya kushindana na mashine, "Mama yangu ana ugonjwa! Mimi ndiye niliyempa! Nilikuwa nao wiki nzima, nikaenda nao kazini, nikawa nafunga kitambaa getini ili nisionekane! Mnataka niseme nini tena?"

Watu waliruka. Maduara ya chokaa hayakutosha tena. Kila mmoja alitafuta la mbali zaidi. Mlinzi alirudi nyuma akakanyaga kamba ya hema. Ni kelele hizo zilizomtoa muuguzi.

Hakuuliza kitu. Alimwelekezea mama kidude. "Thelathini na tisa na nusu," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. Akatoa mfukoni kibanio kidogo cha kupimia hewa ya mwilini, akambana mama kidole, akakisoma kikiwaka. Akakitikisa, akakisoma tena.

"Kwa nini mtu kama huyu hamkumleta mapema?"

"Tulimleta asubuhi, sista."

Muuguzi alimtazama vizuri, ndipo akamkumbuka. "Asubuhi kulikuwa na mtungi wa gesi ya kupumulia," alisema. Ilionekana angependa kuyarudisha maneno, ila yalikuwa yameshatoka. "Wa mwisho tumemwunganishia mzee mmoja sasa hivi. Wakileta mingine jioni, yeye ndiye wa kwanza. Nitamlaza karibu na mlango, apate hewa."

Waliletewa kitanda cha magurudumu. Breki akaomba ambebe yeye mwenyewe, na safari hii hakungoja mama afumbe macho. Mama alimshika Mabawa mkono.

"Wamekubali?"

"Wamekubali, mama."

"Basi nenda kazini. Wasije wakampa mtu... kisu chako."

Plastiki ya mlango ilifunguka, ikafunga. Ilikuwa nyeupe, haionyeshi.

*

Na kweli alikwenda kazini. Wewe ungefanya nini? Watoto watatu, soko limefungwa. Simu ya hospitali ilimkuta Breki bombani akichota maji, na Breki akatembea mpaka kiwandani, akamwambia mlinzi wa geti, mlinzi akamwambia msimamizi msaidizi, na habari ikafika upande wa maji ikiwa imepita midomo mingi: Mabawa, mama yako. Mitungi ililetwa jioni, lakini jioni nyingine.

Walizikwa watatu pamoja, nje ya mji, na watu wa manispaa waliovaa nguo nyeupe za kufunika mwili mzima. Familia zilisimama nyuma ya kamba. Mabawa aliuliza mama yake ni yupi. Mmoja akasema yule wa katikati, mwenzake akasema hapana, wa kushoto. Wakabishana kidogo, kwa heshima. Mabawa akaamua kumwaga machozi akitazama katikati ya wafu hao wawili.

Msiba ulikaa mbele ya nyumba, maana ndani hapakuwa na nafasi na redio ilikataza. Majirani walikaa kila mmoja kwenye kizingiti chake, wakipeana pole kwa sauti kutoka mlango hadi mlango. Watoto walitandika mkeka. Kaka yake mkubwa Mabawa alifika kutoka mjini, alikokuwa mpishi wa tajiri mmoja aliyemfungia na jiko lake tangu janga lilipoanza. Alipewa ruhusa ya mchana mmoja, na aliambiwa akirudi atalala stoo kwanza. Hakukaa. Alisimama akiutazama mkokoteni uliokuwa umeegemezwa ukutani, godoro la watoto bado liko juu, limeanikwa.

Shingo naye alikuja, akachuchumaa mbali kidogo, kanga mdomoni. "Sikai sana, dada," alisema. "Mama mkwe wangu kaanza kifua juzi. Tunampeleka hospitali sasa hivi, nimemwacha baba watoto anamtayarisha. Pole sana. Pole."

"Nimeshapoa," Mabawa alijibu.

Kaka mkubwa alimgeukia Breki. "Shemeji, nieleze. Nimempigia simu mtu ninayemjua pale hospitali. Anasema mama aliingia alasiri. Mliondoka hapa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi. Kutoka hapa mpaka pale, mtu anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Mlikuwa wapi?"

Breki alijikuna shingo. "Foleni, kaka."

"Foleni ya kutwa?"

"Na gurudumu. Gurudumu liliharibika njiani, nikawa nalitengeneza."

Gurudumu halikuwa na kitu. Kaka mkubwa alilitazama, likamjibu hivyo hivyo. "Mama yangu," alisema, "umemsukuma juani kama gunia, kwenye hili dude lako lisilo na breki, mpaka pumzi ikamwishia njiani. Si ungenipigia? Si ningeomba gari?"

"Ni kweli, kaka," Breki alisema. "Nisamehe. Ni mkokoteni."

Alisema akitazama miguu yake, na ilionekana yuko tayari kulibeba jambo hilo nyumbani na ugenini mpaka uzeeni, kama alivyobeba vyote vingine. Mabawa alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kunyamaza kulikuwa kwepesi kuliko kupumua. Lakini alimwona mumewe na ile fulana yake yenye matundu.

"Si mkokoteni," alisema. "Tulifika mapema. Wakampima, wakasema hana homa, wakaturudisha."

"Hana homa? Mama?"

"Nilikuwa nimempoza. Nilimpa vidonge, nikamfunga kitambaa kama tunavyofunga sisi tukienda kiwandani. Nilidhani geti ni geti. Kumbe lile la hospitali ukiwa baridi ndio unarudishwa. Tulikaa juani mpaka homa irudi, na iliporudi gesi ilikuwa imekwisha."

Kaka mkubwa alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na suruali yake ya kwa tajiri.

Aliyesema ni Shingo. "Kitambaa?" alisema. "Kitambaa kinamrudisha?"

Kabla hajajibiwa alikuwa ameshainuka. Alikuwa mama wa makamo, mzito wa nyonga, mtu ambaye hata ving'ora vya kiwanda havikuwahi kumkimbiza. Sasa alikimbia Safu yote kanga ikimwanguka, akapiga kelele kabla hajafika mlangoni kwake. "Baba watoto! Mfungue! Mtoe kile kitambaa! Usimpe kidonge, usimpe, mwache na homa yake!"

Milango ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine. Wanawake walitoka vizingitini, wengine na visu vya jikoni, mmoja na mtoto ziwani. Wakaulizana kumetokea nini. Maneno yakatembea mlango kwa mlango kwa lugha ya kwao, haraka, kila mmoja akimpa wa pili. Waliokuwa na wagonjwa ndani walirudi ndani mbio.

Wengine walibaki wamesimama pale pale vizingitini, mikono imewaning'inia, hawaulizi tena. Hao ni wale waliokwisha kuzika.